Mbili Ndefu, Moja Fupi

Jioni ya tano ya kilio cha Paulin, sanduku lake lilianza kutoa mwanga.

Lilikuwa sanduku la bluu lenye magurudumu, zipu yake imekatika upande mmoja. Lilifungwa kwa kamba ya nailoni na kuwekwa sebuleni chini ya picha yake. Ndani yake mlikuwa na nguo za juma lake la mwisho na vitu vilivyookotwa kando ya lori lililorudi nyuma likamkanyaga kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Desturi ya ukoo wa Paulin ilikuwa kali juu ya jambo hilo: sanduku la marehemu haliguswi na mtu yeyote, hata mjane, mpaka kaka mkubwa alifungue kwa mkono wake. Kaka mkubwa, Mumba, alikuwa amefika asubuhi kutoka kwao Lukafu. Alisema hatafungua kitu kabla ya kuonyeshwa hati ya kiwanja.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu, kama kila siku katika mtaa wao wa Makomeno. Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza ili mishumaa itafutwe. Mumba hakunyamaza.

"Lydie, shiye hatukukuya hapa kulia machozi tu. Parcelle ni ya nani? Ni ya ndugu yetu. Ndugu yetu alikufwa. Basi document iko wapi?"

"Shemeji, tulinunua pamoja," alijibu Lydie, mjane, kutoka kwenye mkeka. "Niliuzisha mikate miaka munane. Uliza bantu ba avenue."

"Mikate! Mumesikia? Mikate inajenga nyumba!"

Baadhi ya watu wa Lukafu walicheka gizani. Ndipo mwanga ulipotoka katika tundu la zipu. Ulikuwa hafifu, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ukawaka kwa muda mrefu, ukazimika. Ukawaka tena muda mrefu. Kisha mara moja, kwa haraka, kama jicho linalokonyeza. Giza likarudi.

Hakuna aliyecheka tena. Walikaa hivyo dakika nzima, kila mmoja akitumaini kwamba ameona peke yake. Mwanga ukarudi: mbili ndefu, moja fupi.

"Yesu Maria," alisema shangazi mmoja. "Paulin eko anatuangalia."

Mumba alisimama, akajigonga kwenye meza, akatoka nje. Viatu vyake vilibaki mlangoni, na mtoto alitumwa kuvichukua.

Mtu mmoja tu mle ndani hakushtuka. Huyo alikuwa Donat, babake Lydie, mzee wa miaka sabini na moja, aliyekuwa ameketi karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki kisicho na mgongo. Ndicho kiti walichompa wakwe, na alikuwa amekikalia siku tano bila kulalamika. Aliujua mwanga ule kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

* * *

Miaka thelathini na moja Donat alifanya kazi katika karakana ya taa za reli. Alianza kwa kufuta vioo, akasoma umeme jioni baada ya kazi, akamaliza akiwa msimamizi. Baada ya kustaafu hakujua mikono yake iende wapi, mpaka siku alipofungua tochi ya Kichina na kuona, nyuma ya balbu, sahani ya duara isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Watu wa kazi hiyo huiita draiva. Ndiyo inayoiamuru tochi iwake namna gani, izimike lini. Juu ya sahani palikuwa na kidude cheusi chenye miguu minane, na ndani ya kidude mlikuwa na maandishi, programu, ambayo mtu angeweza kuyafuta na kuyaandika upya.

Alisoma kwenye simu, kamusi pembeni, maneno ya wapenzi wa tochi wa nchi asizozijua. Alinunua kibano chenye meno manane cha kushika kile kidude, na kompyuta kuukuu iliyokosa herufi mbili. Aliunguza draiva kumi na moja kabla ya kufaulu moja. Majirani walimwita Papa Torche, na si wote waliosema hivyo kwa heshima.

Tochi ya Paulin ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Mkwe wake alikuwa akipitisha karatasi za malori forodhani, na gizani tochi hupotea. Kwa hiyo Donat aliandika kwamba hata ikiwa imezimwa, kila dakika moja itoe mwanga mdogo ili mwenyewe aione. Betri ingeweza kuvumilia hivyo mwaka mzima. Alichagua ishara ya karakana yao ya zamani: mbili ndefu, moja fupi. Maana yake, *kuna mtu njiani.*

Ishara hiyo ilikuwa na jibu lake: moja fupi, mbili ndefu. *Nimekuona.* Paulin alijifunza jibu kwa siku moja. Kila aliporudi jioni kutoka Kasumbalesa, Donat alisimama kwenye mlango wake na kumpa ishara, na Paulin, kwenye geti lake ng'ambo ya barabara, nyumba ya tatu, alimjibu kwa kubonyeza tochi. Jibu hilo Donat hakuliandika ndani ya tochi yoyote. Alisema jibu lazima litoke kwenye kidole cha mtu.

* * *

"Papa Lydie, juu ya nini haukusema?" aliuliza mkewe Brigitte walipofika nyumbani.

"Kusema nini?"

"Kama ni torche yako. Weye unajuaka kusema sana, hata kama hapana muntu anakuuliza."

"Uliona vile Mumba alikimbia? Alisahau na viatu."

"Niliviona. Kiko kimoja na tundu." Brigitte alicheka kidogo, kisha akajifuta macho, kwa maana Paulin alikuwa kama mwanawe. "Lakini ni bongo, ni kudanganya, Papa Lydie. Miye sipende."

"Bongo ni kusema. Miye sikusema kitu. Acha aogope kidogo. Akiogopa, hataomba document."

Hata hivyo usiku huo hakulala vizuri. Katika reli walifundishwa kwamba taa inayosema uongo ni mbaya kuliko taa iliyokufa, kwa sababu dereva anaiamini. Miaka thelathini na moja, hakuna taa iliyotoka mkononi mwake ikadanganya.

Na kwa siku chache mambo yalionekana mazuri. Wageni wa Lukafu waliondoka mapema, sanduku likaachwa palepale na kamba yake, na hati haikuulizwa tena. Lydie alikuja na binti yake Abigaïl, mwenye miaka minne, akaketi jikoni kwa mama yake.

"Papa, nifungue, nitoshe pile ya torche, izimike?"

"Usiguse. Ukigusa sanduku tu, batapata neno."

"Abigaïl eko anaisalimia," alisema Lydie kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi. Anasimama pale, anasema *bonjour papa*. Anangoja. Ile inawaka, anacheka, anaenda kunawa."

Donat alihesabu vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha kwamba vyote vipo.

* * *

Woga una miguu. Ulitoka sebuleni ukaenda barabarani. Wateja wa mikate ya Lydie walianza kununua kwa mwingine. Jirani aliyekuwa akikaa na Abigaïl mchana alisema sasa ana maumivu ya mgongo. Kisimani, walimwachia Lydie nafasi ya kuchota peke yake, na hiyo haikuwa heshima.

Juma la tatu Mumba alirudi. Alikuja na mtu wa maombi, Clovis, aliyevaa koti jeupe la hospitali na kubeba Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Clovis alisimama mbali na sanduku, akafumba macho, akasubiri mwanga uje, akatikisa kichwa.

"Roho ya ndugu haikuenda," alisema. "Ilifungwa mule. Aliyeifunga analala mu nyumba hii."

"Weye unasema juu yangu?" Lydie alisimama.

"Miye hapana. Ni mwanga unasema."

Mumba alimgeukia Donat, ambaye safari hii hakupewa hata kile kiti. "Baba mukwe, tutamupeleka ku Lukafu. Siku makumi ine za kufunga kula. Atasema mambo alifanya. Mutoto atabakia na shiye."

"Na akikatala?"

"Akikatala, vijana ba avenue banajua kazi ya kufanya na balozi."

Donat aliwajua vijana hao na kazi waliyowafanyia wale waliowaita balozi, yaani wachawi. Mwaka uliopita, barabara ya nyuma, walimtoa bibi mmoja ndani ya nyumba yake kwa maneno madogo kuliko hayo. Nyumba iliungua mpaka bati. Bibi mwenyewe alionekana mara ya mwisho akitembea kuelekea stesheni akiwa na kiatu kimoja.

Alimtazama binti yake. Lydie alikuwa amemshika Abigaïl mabega kwa mikono yote miwili.

"Mumba," alisema Donat. "Hapana roho mule. Ni miye."

* * *

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi kwenye ua wa Lydie, mbele ya Mulenga, mkubwa wa barabara. Watu walijaa mpaka kwenye ukuta. Mumba alikata kamba, akafungua sanduku kwa ncha za vidole, akatoa shati, viatu, mkanda, na mwishowe tochi. Aliiweka mezani haraka kana kwamba ina moto.

Jua lilikuwa kali na mwanga haukuonekana. Ikabidi Mulenga alivue koti lake, aifunike tochi, na aingize kichwa chake chini ya koti. Watu walisubiri wakitazama makalio ya mkubwa wao.

"Ndiyo!" ilisikika sauti chini ya koti. "Mbili ndefu, moja fupi! Kumbe ni machine!"

Kicheko kikapasuka. Donat alifungua tochi, akawaonyesha draiva, akaeleza kidude na maandishi. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wa karakana. Lakini waliokuja kuona roho hawakutaka kusikia habari za miguu minane.

"Papa Torche, utie na wimbo mule, tupate radio!"

"Mumutume ku Kasumbalesa, atadanganya madereva!"

Mumba alingoja kicheko kiishe. Uso wake ulikuwa umerudiwa na damu. "Basi, baba mukwe. Ulikaa mu kilio ya ndugu yetu, uliona tunatetemeka, ukanyamaza. Mukubwa, ile ni kosa ao hapana?"

"Ni kosa," alisema Mulenga, akivaa koti. "Mbuzi moja na bidon ya pombe ya lutuku."

"Nitalipa," alisema Donat.

"Na kama hapana roho," Mumba aliendelea, akihesabu kwa vidole, "hapana na kitu kinatuzuia. Lydie atatoka leo. Miye nitaikala hapa, kulinda mali ya ndugu. Na torche nitachukua. Lakini utoshe kwanza mambo yako mule. Hapa, mbele ya bantu."

Lydie alisema, "Papa," basi.

Donat alifungua kompyuta. Alijua Mumba angedai hivyo, na usiku uliotangulia alikuwa ameandaa faili mbili. Ya kwanza aliiita *kimya*: tochi ya kawaida, inawaka ukibonyeza, inazimika ukibonyeza. Ya pili aliiita *tisa*. Hiyo ingekaa siku tisa bila dalili, siku za sala ya novena moja. Siku ya tisa, jua likizama, ingeanza tena, mbili ndefu, moja fupi, na isingekoma. Alikuwa ameiandika huku akijiambia kwamba anaandika tu, kama mtu anayeandika barua asiyokusudia kuituma.

Kibano kikauma kidude. Faili mbili zilikuwa pale, moja juu ya nyingine. Nyuma yake mtu alisema, "Mikate inajenga nyumba," na watu wakacheka tena.

Donat alichagua *tisa*.

Kompyuta ilihesabu mpaka mia, ikasema imemaliza. Mulenga aliingia tena chini ya koti, akakaa dakika tano kwa saa yake. "Imekufwa," alitangaza.

Watu wakaanza kutawanyika, wakiwa wamechukia kidogo kwamba hapakuwa na zaidi. Brigitte alikuwa akitazama mikono ya mumewe.

* * *

Lydie alivuka barabara na godoro kichwani. Alilala kwa wazazi wake, yeye na mtoto, kwenye chumba cha tochi, kati ya makopo ya nyaya. Hakumlaumu baba yake kwa neno. Aliamka saa kumi alfajiri, akakanda unga, na saa kumi na mbili jioni akarudi na mikate yote.

"Papa," alisema siku ya Jumapili, "ulitosha kweli mambo yako mule?"

"Kula, mwanangu."

Tangu Jumamosi hiyo Donat hakutazama ng'ambo. Jua lilipozama alifunga pazia mwenyewe, na Brigitte alipouliza sababu, alisema mbu. Hakutaka kuona dirisha la Paulin na mtu mwingine ndani yake. Alihesabu siku. Ya tisa ingekuwa Jumatatu ya juma lililofuata.

Jumatano asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Mumba.

Hakuonekana kama mtu aliyelala. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alikuwa amevaa suruali ya siku ile ya mkutano. Alikataa kuingia. Aliweka vitu juu ya kizingiti, kimoja kimoja: funguo za nyumba, tochi, na pembeni, ndani ya kitambaa, betri.

"Document sitaki," alisema. "Nyumba sitaki. Mbuzi, muache. Sanduku lilienda ku Lukafu jana na bus. Muniache tu nirudie kwetu."

"Kulikuwa nini?" aliuliza Donat. Ilikuwa siku ya nne.

"Baba mukwe, miye si mujinga. Ile usiku ya kwanza iliwaka, nilisema, ni muzee na mambo yake. Nilitosha pile. Nilitembea nayo mu mufuko, siku nzima, ni ile hapa. Usiku ya pili ikawaka."

"Bila pile?"

"Bila pile. Nikaitia mu ndoo ya mayi, nikafunika na sufuria. Ya tatu, iliwaka tu. Jana haikuwa mu ndoo tena. Ilikuwa ku dirisha. Inaangalia kwenu huku. Iko inapiga, inangoja. Inapiga, inangoja."

Brigitte alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na bakuli la unga. Donat alijilazimisha kusema kwa sauti ya kazi, ile ya kusoma kipimo.

"Mbili ndefu, moja fupi."

"Hapana," alisema Mumba. "Ile tunaijua. Hii inaanza na fupi. Fupi. Kisha ndefu, ndefu."

Aliaga kwa heshima, akiinamisha kichwa, namna ambayo hakuwahi kumuaga. Akaenda zake bila kutazama upande wa pili wa barabara.

Donat alikaa mbele ya kompyuta mpaka mchana. Alishika kidude kwa kibano, akasoma kilichomo, akakilinganisha na faili yake mstari kwa mstari. Kilikuwa kilekile alichokiandika. Siku nne zilikuwa zimepita, tano zilikuwa zimebaki, na ilikuwa mbili ndefu, moja fupi. Jibu halikuwemo. Halikuwahi kuwemo. Alifuta yote, akaitia *kimya*, akaiweka tochi mezani na betri yake upande mwingine wa meza.

* * *

Lydie alirudi nyumbani kwake jioni hiyohiyo. Mulenga mwenyewe alimsaidia kubeba godoro, akisema mbele ya majirani kwamba funguo zimerudishwa kwa hiari na asisikie mtu akirudia maneno ya balozi. Wanawake wawili walinunua mikate. Jirani mwenye mgongo alisema mgongo umepona.

Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika. Donat alijikuta amesimama mlangoni, mahali pake pa zamani, tochi yake mwenyewe mkononi, kidole gumba juu ya kitufe. Hakukumbuka kuichukua. Ng'ambo, nyumba ya tatu, dirisha la Lydie lilikuwa jeusi. Mshumaa ulikuwa haujawashwa.

Alitaka kubonyeza mara moja tu. Mbili ndefu, moja fupi, kama alivyofanya miaka yote ile, halafu aingie ndani akale.

Mkono wa Brigitte ulitoka nyuma yake ukafunika kioo cha tochi. Ulikuwa bado na unga.

"Usimuite, Papa Lydie."

Akashusha mkono. Barabara ilikuwa tulivu kiasi kwamba walisikia kijiko kikianguka kwa Lydie, na Lydie akisema subiri, anatafuta kiberiti. Kisha wakasikia sauti ya Abigaïl, kutoka sebuleni kule ambako sanduku halikuwapo tena.

"Bonsoir papa," alisema mtoto.

Akangoja kidogo, halafu akacheka.